Umepokelewa na Nani?

9 Februari

Dada mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na mpwa wangu, na Mama kuliko wote. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao umeanza kunilaumu kwa miaka yote niliyokaa kitini. Chumba changu kimepata dirisha jipya baada ya lile la zamani kung'oka na fremu yake, kwa hiyo sasa ukuta wa jirani nauona vizuri zaidi.

Ulisema tusipigiane simu tena mpaka tujifunze kusikilizana, na kwamba nikiwa na la kusema niliandike, maana kwenye karatasi sitaweza kukukatiza. Haya, nimekaa, naandika. Sijakukatiza hata mara moja.

La kusema ni lile lile. Mpeleke Mama hospitali kubwa ya hapo mjini. Najua ulivyosema, kwamba nyumbani anahudumiwa na watu wanaompenda. Lakini unashinda shuleni, shemeji anashinda karakana, na moyo wa Mama haungoji mtu arudi kazini. Hospitali ile wamefunga kengele zetu mwaka jana. Mgonjwa ana kitufe chenye waya kando ya mto wake. Akikibonyeza, ujumbe unakwenda kwenye kisanduku kilichoko ukutani koridoni, na kisanduku kinaupeleka kwenye skrini iliyoko mezani kwa manesi. Skrini inalia mpaka mtu ainuke.

Kazi yangu mimi ni maneno tu. Mashine hizo zinatengenezwa na kampuni mbalimbali, na ili zielewane lazima kuwe na itifaki, yaani makubaliano ya jinsi zinavyosemezana. Kamati yetu ndiyo inayoyaandika makubaliano hayo, na kalamu ninayo mimi. Kila ujumbe una bendera nane mwanzoni, alama ndogo ambazo ama zimeinuliwa ama zimeshushwa. Ya kwanza ikiinuliwa, maana yake mgonjwa ameita. Ya pili, kitufe kimechomoka. Na kadhalika. Kurasa arobaini na mbili za bendera. Yule mtoto uliyekuwa ukimrudishia insha zimejaa kalamu nyekundu, leo anaandika na mashine zinatii.

Mpeleke, Dada. Na mimi nitapata usingizi.

Mdogo wako,
Kitinda

2 Machi

Kitinda,

Salamu zako nimezigawa kwa kila mtu na hakuna aliyesema amepunjwa. Mpwa wako ameota meno mawili ya mbele kwa mpigo na hafungi mdomo, anataka yaonekane. Shemeji yako anasema mgongo hutibiwa kwa kubeba mbao, si kwa kulalamika.

Nimekusikia. Mama yuko hospitali tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, wodi ya wanawake, kitanda cha sita, karibu na dirisha. Kwanza alikataa. Nilipomwambia kengele za kule zinafuata maandishi yako, akavaa viatu mwenyewe.

Amekwisha kuwa maarufu. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe mara saba. Nesi wa zamu, mwanamke mpole anayevaa miwani yenye kamba, akaja mara zote saba. Ya saba akamuuliza, "Bibi, unaumwa wapi?" Mama akamjibu, "Siumwi. Naangalia kazi ya mwanangu." Sasa ameahidi kutobonyeza bila sababu, na ahadi hiyo imemnyong'onyeza kuliko ugonjwa.

Mama anakusalimu sana.

Umeandika "Kurasa arobaini na mbili za bendera" ukaweka nukta. Hiyo si sentensi, haina kitenzi. Wanafunzi hawaniiti Mwalimu Nukta bure.

Dadako

28 Machi

Dada mpendwa,

Habari za hapo nyumbani? Nimeisoma hiyo ya mara saba nikacheka peke yangu ofisini, mpaka mpimaji wa vifaa ninayekaa naye meza moja akaomba nimsomee na yeye. Mwambie Mama nimevimba kichwa.

Nina haraka. Toleo jipya la itifaki linatoka Desemba, na kila siku kampuni zinaniletea maswali ambayo majibu yake wangeyapata kama wangesoma. Jana fundi mmoja ameandika ukurasa mzima juu ya sentensi moja, ya bendera ya nne. Mimi nimeandika hivi: "Bendera ya nne iinuliwe ujumbe ukishapokelewa, na kengele inyamaze." Yeye anauliza, ukishapokelewa na nani? Nikamjibu asome ukurasa wa kumi na moja, mambo yako wazi kwa mwenye macho. Leo asubuhi amerudi tena: amesoma, na bado anauliza. Nimeliweka swali lake kwenye orodha ya mambo madogo, tutalifafanua huko mbele. Kuna watu wakiambiwa ulimi hauna mfupa, lazima wautie kidole wahakikishe.

Mama anaendeleaje hasa? Hukuniambia daktari amesema nini.

Kitinda

20 Aprili

Kitinda,

Sisi tupo. Mvua imetoboa paa la darasa la tatu, kwa hiyo nafundisha madarasa mawili chumba kimoja. Nusu wanasoma vitenzi na nusu wanasikiliza vitenzi vya wenzao. Shemeji yako amejikata kidole kwa msumeno na anakionyesha kwa kila mgeni kama medali.

Daktari anasema moyo umechoka. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza zaidi. Mama amekonda mikono. Anakuulizia.

Wodini wameleta skrini mpya juzi, ya kampuni nyingine, kubwa kama dirisha, maana ile ya zamani ilipasuka. Visanduku vya koridoni ni vile vile. Nesi wa miwani anasema inang'aa mno lakini wataizoea.

Sasa kuhusu fundi wako. Mashine sizijui, sentensi nazijua. Fundi ana haki. "Ukishapokelewa" ni kitenzi cha kutendwa, na mtenda hayumo. Barua hii ikishapokelewa, itakuwa imepokelewa na nani? Na tarishi? Na mwenye nyumba wako? Na wewe? Usipomtaja mtenda, kila msomaji atajiwekea wa kwake, na wote watakuwa wamekutii. Kuuliza si ujinga, Kitinda. Mjibu yule mtu.

Dadako

11 Mei

Kitinda,

Nimeshindwa kuanza kwa salamu, utanisamehe.

Shemeji yako alipokupigia alikuambia tu kwamba Mama hatunaye, na hakukuficha; ndiyo yote tuliyokuwa nayo siku ile. Hukuwahi mazishi na sikulaumu. Safari ni ya siku tatu, nasi hatukuweza kukungoja. Ulisema utakuja mambo yakitulia. Basi nakuandikia niliyoyakusanya tangu siku hiyo. Nayaandika mara moja, sitayarudia.

Ilikuwa Alhamisi. Kwa kawaida hufika wodini saa nane mchana, kipindi cha mwisho kikiisha. Siku hiyo mwalimu mkuu alituita kikao kuhusu lile paa. Nilifika saa tisa na nusu nikamkuta Mama amefunikwa.

Aliyenieleza ni mshonaji wa kitanda cha tano. Amevunjika mguu, wameuning'iniza kwa kamba na uzito, hawezi kushuka. Anasema kama saa nane na nusu Mama alianza kutweta. Akabonyeza kitufe. Kataa kadogo ka kitufe kakawaka kijani. Mama akamwambia, "Wamesikia." Wakangoja. Akabonyeza tena, kijani tena. Mshonaji akamwambia, "Bibi, bonyeza usiachie." Mama akasema, "Wamekwisha sikia. Tusiwasumbue, wana kazi." Mara ya tatu alibonyeza bila kusema kitu. Hapo mshonaji akaanza kupiga kelele, lakini mlango wa wodi ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mvua, na mabati yalikuwa na sauti kubwa kuliko yake.

Kutoka kitanda cha sita hadi meza ya manesi ni hatua thelathini. Nimezitembea. Nesi wa miwani alikuwa pale pale mezani. Anasema skrini haikulia, na mimi namwamini, kwa sababu alilia kuliko mimi. Aliingia saa tisa na dakika kumi akiwa na sinia ya dawa.

Wewe ndiye unayezijua kengele hizi. Taa iliwaka na skrini haikulia. Niambie kwa nini.

Dadako

19 Mei

Dada,

Pole sana. Sina neno jingine, na hilo lenyewe ni dogo.

Vifaa huharibika. Huenda ni waya, huenda ni ile skrini mpya. Nimewaandikia wanaohusika na nitakujulisha wakinijibu. Huku joto limezidi, tumehamishiwa ghorofa ya pili ambako angalau kuna feni.

Wasalimie wote.

Kitinda

30 Juni

Kitinda,

Mpwa wako anakusalimu. Ndiye aliyeniomba niandike hivyo.

Zimepita wiki sita. Nilikuuliza swali moja ukanijibu kuhusu joto. Barua yako ina "huenda" mbili ndani ya mistari minne. Mama alipokuwa akishinda kiwandani, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, na mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu. Najua unavyoandika ukiwa hujafanya kazi uliyopewa. Najua pia unavyoandika ukiwa umevunja kitu cha watu.

Umevunja nini?

Dadako

14 Julai

Dada,

Nakusalimu nikijua unaweza kuiweka barua hii pembeni kabla ya kufika katikati. Ukiweza, ifikishe mwisho.

Nimejua tangu siku ile barua yako ya Mei iliponifikia. Nilipokuta maneno "kakawaka kijani" nilishika meza, mpaka mpimaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni msiba, na haukuwa uongo.

Ni bendera ya nne. Walioandika programu ya kisanduku walisoma sentensi yangu wakaelewa hivi: ujumbe ukishapokelewa na kisanduku, bendera iinuliwe. Walioandika ya skrini mpya wakaelewa hivi: bendera ikiwa juu, ujumbe umeshapokelewa na nesi, basi kengele inyamaze. Skrini ya zamani ilikuwa ya kampuni moja na kisanduku, kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Na hata baada ya kuletwa mpya, siku za kawaida kisanduku hupitisha ujumbe papo hapo, bendera ya nne ikiwa chini, na skrini hulia. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini mvua ikisumbua waya unaokwenda mezani, kisanduku huushika ujumbe kwanza, huuinulia bendera kusema nimeupokea, nimeutunza, halafu huupeleka waya ukitulia.

Siku ile mvua ilinyesha. Mama alibonyeza, kisanduku kikapokea, kikamwashia taa, kikainua bendera, kikapeleka. Skrini ikaiona bendera ikanyamaza kabla haijalia. Mara tatu. Nilikuambia vifaa huharibika. Nilikudanganya. Hakuna kifaa kilichoharibika, vyote vilifuata maneno yangu.

Na yule fundi wa mwezi wa tatu ni wa kampuni ya skrini. Aliuliza kabla skrini haijatoka kiwandani. Nilimwambia asome ukurasa wa kumi na moja. Nimeusoma tena ukurasa huo, Dada, nimeusoma kwa sauti. Jibu halimo.

Barua yako ya tarehe ishirini Aprili ilinifikia siku nne baada ya kumzika Mama. Niliona sarufi tu, nikaona unanisahihisha wakati wa msiba, nikaitia kwenye droo kwa hasira. Nimeitoa baadaye.

Juzi kamati ilikaa. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema anayependa mambo yaende kimya kimya. Akasema, "Tuongeze aya moja ya ufafanuzi kuhusu matumizi ya bendera ya nne. Itoke na toleo la Desemba."

Nikasema, "Kinachofafanuliwa ni kitu kilichokuwa sahihi tangu mwanzo. Hili ni kosa."

"Tukiandika neno kosa, kila hospitali itazima visanduku."

"Ndiyo."

"Kwa tukio moja, ambalo hata hatujalithibitisha?"

Sikuwa nimepanga kusema. Nikasema, "Tukio lenyewe lilikuwa kitanda cha sita. Lilikuwa na miaka sabini na moja. Ndilo lililonizaa."

Hakuna aliyeniangalia. Mwenyekiti akafunga faili lake, akalifungua tena. Mwishowe akaniuliza taratibu, "Kwa nini hukutuambia?" Jibu nililo nalo ni hili tu, Dada: wewe ulikuwa wa kwanza niliyestahili kumwambia na ndiye niliyekuwa nikimwogopa zaidi.

Tangazo la kosa limekwenda hospitali zote jana. Mpaka mafundi wapite, manesi wazunguke vitandani kila robo saa. Nami nimepewa mpaka Septemba kuandika sentensi mpya. Nimeandika hivi:

"Kisanduku kikipokea ujumbe, kiinue bendera ya nne. Nesi akikubali wito mezani, skrini iinue bendera ya tano, na hapo tu kengele inyamaze."

Kila kitenzi kina mtenda. Nakuomba uisome. Najua ninachokuomba na najua sina haki ya kukuomba.

Kitinda

2 Septemba

Kitinda,

Barua yako niliiweka pembeni mara tatu. Shemeji yako ndiye aliyeisoma mpaka mwisho kwanza, akanirudishia, akatoka akaenda kukaa karakana bila kufanya kazi. Kidole chake kimepona kimepinda. Mpwa wako anaandika jina lake kwenye kila ukuta.

Nimekuchukia mwezi na nusu. Nakuambia ili usidhani imepita. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumchukia ningemchukia huyo, lakini nimetafuta, sikumpata. Naamka nikiwa na hasira, nakwenda shule nayo, nasahihisha madaftari nayo. Halafu jioni nakumbuka kwamba wewe ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayejua Mama alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema utani, nakosa pa kuipeleka hasira yenyewe.

Sentensi yako bado ina shimo. Umeandika "nesi akikubali wito mezani". Kukubali si kufika. Nimeshinda wodini ile miezi miwili, nimewaona. Wako wawili kwa vitanda thelathini. Nesi anabonyeza pale mezani, anainuka kweli, njiani anaitwa na mwingine, anakwenda huko, na wa kwanza anabaki na kengele iliyonyamaza. Sikutaka kukisia, kwa hiyo nilikwenda kumuuliza nesi wa miwani. Akaniambia, "Mwalimu, hutokea kila wiki." Kengele isinyamazishwe mezani. Inyamazishwe kitandani, na mkono wa nesi, akiwa amesimama mbele ya mgonjwa. Andika hivyo.

Sasa langu.

Mwezi wa tatu Mama aliniambia, "Mwandikie aje." Nikakuandikia kwamba anakusalimu sana. Mwezi wa nne alisema tena, mara mbili, na ile ya pili alinishika kifundo cha mkono asikiachie. Nikakuandikia kwamba anakuulizia. Nilikuwa na hasira na wewe, wewe wa kutoa amri kutoka mbali, mpeleke, mpeleke. Nikasema moyoni, simwiti. Aje mwenyewe. Nione kama atakuja bila kuitwa.

Mama aliamini nimekuandikia uje. Kila barua yako ilipofika aliuliza, "Amesema lini?" Nilimwambia, "Ana kazi, Mama." Akawa ananituliza mimi. Anasema, "Muache, kazi yake ni ya watu wengi."

Hiyo nimeibeba tangu Aprili. Wewe ulikuwa na bendera yako, mimi nilikuwa na salamu zangu. Nimekuandikia, usinijibu haraka.

Dadako

27 Septemba

Dada,

Nawasalimu wote, na yule mwandishi wa kuta. Mwambie anitumie jina lake kwenye karatasi, nami nitalibandika hapa mezani.

Barua yako imepokelewa na mimi. Nimekaa nayo siku kumi kama ulivyotaka.

Sentensi niliyoiandika kwa agizo lako imepita kamati bila kubadilishwa neno: "Nesi akifika kitandani, abonyeze kitufe cha nesi kilichoko ukutani hapo, kitufe hicho kiinue bendera ya tano, na hapo tu kengele inyamaze." Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyegundua lile shimo. Nikamwambia ni mwalimu wa lugha. Akasema angefaa kukaa kwenye kamati. Nikamwambia asingetuvumilia.

Nilimpigia yule fundi kumwomba radhi. Sauti yake ni ya kijana kuliko nilivyodhani. Amenieleza kwamba tangu tangazo la Julai anajilaumu, angeuliza mara ya tatu, angepiga simu, angekataa kuiachia skrini itoke. Nimemwambia mara mbili zilitosha, aliyetakiwa kusikia ni mimi. Akaniuliza Mama alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna mwingine huku aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia habari ya kubonyeza mara saba. Tulicheka wote wawili, halafu ikabidi tuage.

La Mama, kwamba nije. Nilikasirika. Nilitembea mpaka kituo cha mabasi na kurudi, nikisema maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikajiuliza: ungeniandikia nije, ningekuja? Ningeweza kukujibu toleo limekaribia. Ningeweza kukujibu, mbona ana kengele. Sijui, Dada. Nimejitafuta pande zote na sijui. Hilo linaniuma kuliko lako, kwa sababu lako naweza kukusamehe, na nimekusamehe, lakini langu halina wa kulisamehe. Aliyekuwa akiniamini kuliko ninavyojiamini amekwisha ondoka.

Mafundi watafika hospitali yenu mwezi wa kumi na moja. Mimi nitafika tarehe nne Desemba. Usinipikie, usinitandikie. Nataka tu kukaa jikoni mahali nitakapokuona.

Kitinda

20 Novemba

Kitinda,

Hatujambo. Paa la darasa la tatu limeezekwa upya, shemeji yako ndiye aliyesimamia, kwa hiyo limenyooka kuliko shule nzima. Mpwa wako amekuandikia jina lake, liko ndani ya bahasha. Herufi moja inaangalia nyuma. Nimemwacha.

Mafundi walikuja Jumanne. Wamebadilisha programu kwenye visanduku na skrini, na kwenye kila kitanda wameweka kitufe cha pili ukutani, cha manesi. Nilisikia habari hizo sokoni kwa mama wa mgonjwa mmoja. Jana, vipindi vilipokwisha, miguu yangu ikanipeleka huko. Sikuwa nimeingia wodi ile tangu siku nilipokwenda kuuliza habari ya sentensi yako.

Kitanda cha sita kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka safi, kinangoja mtu. Mshonaji alishapona akaondoka. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikaa ukingoni, upande aliokuwa akilalia Mama, na kitufe kilikuwa pale kando ya mto. Nilikishika muda mrefu. Najua si mchezo, na najua kuna wagonjwa wa kweli. Nikabonyeza.

Koridoni kukalia. Nilisikia kiti kikisukumwa, kisha hatua za mtu anayetembea upesi. Ilikuwa nesi wa miwani. Kwa saa ya ukutani, haikufika hata dakika moja. Mama alingoja arobaini.

Kengele iliendelea kulia mpaka alipofika mbele yangu akanyoosha mkono akabonyeza kitufe cha ukutani. Hapo ndipo iliponyamaza. Aliponitambua hakunikaripia. Akasema, "Mwalimu. Umeita. Nikusaidie nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia kwamba naangalia kazi. Sikuweza. Nilifungua mdomo, nikalia vile ambavyo sikulia siku ya mazishi, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Alikaa kitandani kando yangu, akanishika bega, hakuuliza tena. Kisha kengele ya kitanda kingine ikalia, akainuka akaenda mbio.

Dadako